Njia Niliyoichora kwa Macho ya Koplo

Nisikilize, wewe ambaye rangi bado haijakutoka kwenye kucha. Nimeacha kazi mwezi huu kwa amri ya goti langu la kulia na daktari wa macho, wawili ambao hawajawahi kukubaliana juu ya jambo lolote isipokuwa hili. Wenzangu wa karakana pale Kamwokya, Kampala, wameniomba niandike jinsi tulivyokuwa tukichora picha za kina, zile ambazo ukisimama mahali pake unaona shimo, ngazi au mlango, na kumbe mbele yako hakuna kitu ila saruji na rangi. Nitaandika. Habari za malipo sitazigusa, hazikuwahi kunigusa sana mimi. Vyeo hatukuwa navyo: palikuwa na aliyeshika ngazi chini na aliyekuwa juu yake.

Naandika kwa Kiswahili, tena kwa makusudi. Baba alikuwa askari kutoka kaskazini, Mkristo. Mama alikuwa Mnubi, Mwislamu. Na lugha iliyowaoza ni Kiswahili cha kambini. Baada ya vita vya mwaka 1986 jeshi la baba lilikuwa ndilo lililoshindwa, nasi tukatoka Makindye tukiwa na magodoro kichwani. Miaka ile ukisema Kiswahili sokoni, lugha ya askari, watu walikutazama mikono kwanza kuona kama umeshika bunduki. Dada zangu walijifunza kunyamaza hadi Luganda chao kilipoiva. Mimi sikunyamaza. Nilisalimia kwa Kiswahili, nikanunua ndizi kwa Kiswahili, na aliyekataa kuniuzia nikamwachia ndizi zake.

Ndicho Kiswahili hicho kilichonipa kazi. Pale Kamwokya palikuwa na mchoraji mabango, Mkenya kutoka upande wa Bungoma, mzee wa kanisa, jina lake Barasa. Luganda chake kiliishia kwenye salamu, na wateja wake walikuwa wamechoka kuelezana naye kwa vidole. Alihitaji mtu wa kumsemea. Aliniuliza swali moja tu, kama naogopa ngazi. Nikamwambia naogopa njaa. Akanipa kopo la tapentaini na rundo la brashi zilizokauka, akasema nizifufue.

Siku ile ya kwanza sikuchora chochote. Nilifufua brashi mpaka jioni, na kila aliyepita aliuliza kama mzee sasa ameajiri mwanamke wa kupika. Barasa hakuwajibu. Siku ya pili alinipandisha ngazini nikapake rangi ya chini kwenye bango la kinyozi, mbele ya watu wale wale, nami nikapaka taratibu sana ili waone vizuri.

Kuchora kina alinifundisha nje ya karakana. Jumapili moja, alipotoka kanisani, tulikwenda Luzira, tukasimama kwenye reli inayoshuka Port Bell. Akaniambia nifumbe jicho moja, nishike kijiti mbele ya uso, nikilaze sawasawa na reli ya kushoto, halafu ya kulia. Reli haziachani hata kidogo, treni ingeanguka. Lakini kwenye kijiti changu zilikuwa zinakimbiliana kama watu wenye siri, hadi zikakutana. Akasema hapo zinapokutana ndipo moyo wa picha, na kila mstari unaokwenda mbali sambamba nazo, iwe ukingo wa barabara au paa la nyumba, uelekezwe hapo hapo.

Kisha akanipeleka penye maji. Akanisimamisha, akaniuliza ziwa linaishia wapi. Nikaonyesha mstari kati ya maji na mbingu. Akaniambia ninyooshe mkono sawa na macho. Mkono ukaangukia juu ya mstari ule ule. Nikachuchumaa, mstari ukashuka nami. Nikapanda juu ya tuta la mawe, ukapanda. Niliona kama ziwa linanifanyia mzaha. Jaribu mwenyewe, hata sasa, penye uwanja wowote mpana. Mwisho wa dunia huwa usawa wa jicho lako, na mtu mfupi ana mwisho wake, mrefu ana wake.

Barasa aliijua kanuni hiyo vizuri, na bado alikuwa na ufito mmoja tu. Ulikuwa na alama ya kisu usawa wa jicho lake mwenyewe alipokuwa amesimama na viatu, na michoro yetu yote tuliipima kwa alama hiyo. Yeye alikuwa mrefu. Mimi, kuona vizuri kazi za mikono yangu, nilisimama kwa vidole vya miguu. Hakuna aliyeona ajabu katika hilo. Mafundi wa mitaa mingine walikuja kukata fito zao kwa kuzilinganisha na wake, na nadhani hadi leo kuna kuta Kampala zilizochorwa kwa macho ya mzee mmoja wa Bungoma.

Nikueleze kazi yenyewe, maana vijana wanadhani ni uchawi. Unachagua mahali pa kusimama. Hapo unachimbia mti na kugongomea msumari usawa wa jicho, na kwenye msumari unafunga uzi. Katikati, kati ya msumari na ukuta, unasimamisha fremu yenye nyuzi zilizokatana kama wavu, na mchoro wako mdogo umeuchora kwenye kioo chenye miraba ile ile. Kwa kila kona ya mchoro mdogo, uzi unapitishwa kwenye mraba wake wa wavu na kunyooshwa hadi ugonge ukuta, na pale unapogonga unatia nukta ya chaki. Ukuta ukiwa umekaa upande, au ukichora sakafuni, nukta zinatawanyika ovyo, na anayekutazama anaona umelewa. Vumilia. Ukiziunganisha na kurudi kwenye msumari, kitu kinasimama.

Kiinimacho kikisimama, kazi imefika nusu tu. Nusu nyingine ni kufikiria mwili wa mtu utafanya nini. Hili nililijifunza sokoni Makindye. Kamati ya soko ilichoka na watu kutupa taka kwenye kona ya ghala, ikaniomba nichore kitu cha kuwatisha. Nikachora shimo kwenye saruji, refu, lenye kingo za udongo na giza chini, hata mwenyekiti wa kamati akalizunguka kwa mbali. Asubuhi ya pili shimo lilikuwa limejaa maganda ya ndizi. Watu walishukuru sana. Walisema hatimaye kamati imewachimbia jalala. Barasa alicheka hadi akashika ukuta, kisha akaniambia nichukue ufagio.

Miaka ilikwenda. Barasa akazeeka, akarudi kwao, akaniachia karakana, ngazi na ufito wake. Na sasa nafika kwenye kazi ambayo ndiyo iliyonifanya nikubali kuandika.

Nyuma ya karakana, ng'ambo ya nyumba za kupanga, kulikuwa na kichochoro kilichoshuka hadi sokoni. Alikipita kila mtu, ila mmoja alikitegemea. Tulimwita Koplo. Alipoteza miguu yote miwili vitani, upande ule ule wa baba yangu, upande ambao hakuna aliyeupigia makofi. Alikuwa fundi viatu. Alitembelea baiskeli ya magurudumu matatu, ile ya kukanyagwa kwa mikono, na kila asubuhi aliteremka kichochoro hadi kibanda chake, jioni akapanda polepole, akikataa kusukumwa. Alikuwa akiniambia kuwa mikono yake inalala vizuri ikichoka.

Ssalongo, maana yake baba wa mapacha, na sisi wote tulimwita hivyo kwa heshima, alikuwa na duka la simenti na mabomba upande wa sokoni. Aliongeza ghala. Ghala likahitaji ukuta wa kulizunguka, na ukuta ukapita katikati ya kichochoro. Alipoulizwa alisema palikuwa kiwanja chake tangu zamani na watu walikuwa wakipita kwa hisani yake. Ukitaka soko, zunguka kwa juu. Kwa juu kuna ngazi za mawe na mfereji usio na daraja. Mimi nilizunguka nikilalamika. Koplo hakuweza kuzunguka. Ikabidi wanaume wawili wambebe mgongoni kwa zamu kila asubuhi, na wengine watatu waje na baiskeli yake, na jioni hivyo hivyo. Baada ya siku chache akakataa. Nilimkuta amekaa mlangoni kwake, viatu vya watu vimejaa kwenye mfuko kando yake.

"Mimi si gunia ya mkaa," aliniambia. "Gunia ndiyo inabebwa."

Nikamwuliza atakula nini. Akasema atakula hasira. Kibanda cha sokoni kisipofunguliwa huchukuliwa na mwingine, jambo ambalo sisi wote tulilijua, naye alilijua kuliko sisi.

Mwenyekiti wa mtaa alikuwa amekwenda kuutazama ukuta mara mbili. Mara zote alisema ni ukuta mzuri, na kwamba watu watazoea. Hilo la kuzoea ndilo lililonipandisha damu. Nilikuwa nimeona watu wakizoea mambo mengi katika mji huu, na nilijua inavyokuwa: baada ya msimu wa mvua mmoja hakuna atakayekumbuka kwamba pale palipita watu. Basi nikaamua pasizoeleke.

Nilibeba rangi zangu mwenyewe, nikaenda upande wetu wa ukuta, na nikachora kichochoro. Sikuongeza uzuri wowote. Nilichora kile kile kilichokuwepo: ukingo wa mfereji wa kushoto ukiendelea kutoka pale ulipokatwa na ukuta, uzio wa mabati kulia wenye bati moja lililopinda, mfenesi, paa la kibanda cha viatu, na mbali kidogo watu wa sokoni. Kivuli nilichora cha saa ya asubuhi, kinachoangukia magharibi, maana Koplo alipita asubuhi. Kwetu jua hupita utosini, asubuhi kivuli upande huu, jioni ule. Ukikosea kivuli, nusu ya siku picha inakukana.

Ufito wa Barasa niliuacha karakana. Nilimwomba Koplo aje na baiskeli yake hadi pale alipokuwa akishika breki kabla ya mteremko. Nikagongomea msumari usawa wa jicho lake akiwa amekaa. Akaniuliza kwa nini chini hivyo. Nikamwambia ni njia yake, ataiona yeye. Akauliza kama bati lile lililopinda nitalinyoosha au vipi, maana ndilo lililokuwa likimkwaruza mkono. Nikamwambia litabaki limepinda.

Ilipokwisha, aliyesimama wima aliona njia inayozama, kama inateremka kisimani, na watu wa sokoni wamelala chali kidogo. Aliyekaa kwenye baiskeli ya Koplo aliona ukuta haupo. Watoto waligundua mapema. Walichuchumaa wakapiga makelele. Habari zikaenea, watu wakaanza kuja kutoka mtaa wa Kisementi na kwingine, na hivyo ndivyo Ssalongo alivyojua kwamba mgongo wa ukuta wake una njia.

Aliagiza chokaa. Picha ikafutwa. Mchoro wangu mdogo ulikuwa bado kwenye kioo, nikaichora tena. Ikafutwa tena. Nikaichora tena, na safari hii akina mama wa nyumba za kupanga walileta viti wakakaa wakimenya ndizi mbele ya ukuta, na mwenye chokaa alipokuja wakamwambia apake, lakini aanze na wao. Akarudi na ndoo yake.

Hapo Ssalongo akaja mwenyewe, peke yake, na hakuja kwa ubaya. Hili lisikilize vizuri, kwa maana wewe pia utajaribiwa hivi. Aliisifu picha. Aliitazama huku na huku, akainama, akasimama, akasema hajawahi kuona kitu kama hicho na kwamba yeye alikuwa haelewi.

"Nnyabo, hii kitu iko nzuri," alisema, akiniita bibi kwa Luganda. "Lakini imepinda. Wewe nyoosha tu, watu wasimame hapa na simu zao, wapige picha. Rangi mimi natoa. Jina yako tunaandika kubwa."

"Haijapinda, Ssalongo. Wewe ndiye uliyesimama."

Akacheka, akidhani natania. Akaeleza kwamba ataweka benchi, atauza soda, picha itakaa miaka na miaka na hakuna atakayeigusa. Sisemi maneno yake hayakuniingia. Katika maisha yangu yote hakuna aliyewahi kuniahidi ukuta wa miaka na miaka. Wenzangu wa karakana walinisihi. Walisema mstari wa macho ukipanda kidogo tu, kazi itapendwa na kila mtu, na Koplo ataelewa. Nami najua angeelewa. Ndiyo maana nilikataa. Picha ile ikipandishwa hadi macho ya wanaosimama ingekuwa pambo la ukuta, na ukuta ungekuwa umeshinda kwa mkono wangu.

Nilimjibu kwamba mstari hautapanda hata upana wa ukucha.

Alikasirika, na kwa hasira akaita mkutano wa mtaa. Alitaka iamuliwe kwamba naharibu mali yake. Watu wakakusanyika pale pale kichochoroni, asubuhi, kivuli kikiwa kimekaa sawa. Ssalongo alisema vizuri sana. Alisema hakuna aliyeumia, watu wanazunguka, na wengi wamezoea. Kisha akauonyesha ukuta, akauliza kama mwenyekiti anaona njia hapo au anaona picha iliyochorwa vibaya. Mwenyekiti akainua kichwa, akatazama, akasema kwa haki kabisa kwamba anaona imechorwa vibaya.

Koplo alishuka kwenye baiskeli yake kwa mikono, akakaa chini kwenye vumbi, mbele ya watu wote, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya.

"Mwenyekiti, kalia hapo," alisema.

Mwenyekiti alisita. Alikuwa amevaa koti. Lakini watu walikuwa wanamtazama, akakaa kwenye baiskeli, magoti yakamfika kifuani. Akainua uso, na nikaona uso unabadilika. Mbele yake njia ilikuwa wazi hadi sokoni. Akashika vile vishikio vya kukanyagia, akaachia breki, baiskeli ikaanza kuteremka taratibu, kama inavyofanya pale. Sisemi alisahau kwamba ni ukuta. Kichwa hakikusahau, mwili ndio uliosahau. Gurudumu la mbele likagonga saruji, naye akajikuta ameshika ukuta kwa viganja viwili.

Watu walicheka, kisha kicheko kikaisha kwa pamoja. Mwenyekiti alibaki amekaa vile vile, mikono ukutani.

"Kumbe inaishia hapa," alisema.

"Kila asubuhi, afande," Koplo akamjibu kutoka chini.

Siku hizo kwetu mambo ya mtaa tuliamua kwa kupanga mstari, kila mtu nyuma ya yule anayemuunga mkono, mchana peupe, jirani akimwona jirani. Mwenyekiti aliinuka, akapangusa koti, akatangaza: wanaotaka ukuta ubaki, nyuma ya Ssalongo, wanaotaka ukuta ufunguliwe, nyuma ya Koplo. Nyuma ya Ssalongo walisimama vibarua wake na mpangaji mmoja aliyekuwa akiangalia viatu vyake mwenyewe. Mstari wa Koplo ulipanda kichochoro, ukapita nyumba za kupanga, na mwisho wake sikuuona.

Ssalongo alikubali. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu mwenye ghala. Lakini alikuwa na neno moja la mwisho, akaniambia mimi. Kwamba wakivunja, wanavunja picha, kwa hiyo ni mimi ninayeua kazi yangu. Watu wakanionea huruma. Mwashi akashauri wavunje kando, kushoto, picha ibaki. Nikaenda kushoto nikaangalia. Palikuwa na mfereji, baiskeli ingepindukia. Njia ilikuwa pale nilipoichora na si kwingine.

Nikachukua chaki. Nikampima Koplo akiwa juu ya baiskeli, na nikampima akiwa anakanyaga, viwiko vimetoka nje, kwa sababu mtu anayekanyaga kwa mikono ni mpana kuliko anapokaa. Nikaongeza nafasi ya kukata kona siku za mvua, matope yanapotelezesha. Nikavuta mistari miwili wima kwa timazi, mmoja ukapasua mfenesi, mwingine ukapita katikati ya kibanda cha viatu. Mwashi akaniuliza kama nina hakika. Nikamwambia agonge.

Watu wapya wa karakana huniuliza kazi yangu iliyo bora iko wapi. Huwapeleka kichochoroni nikawaonyesha tundu. Pande zake mbili bado kuna rangi kidogo, kipande cha bati, majani. Wengine wanafikiri nawatania. Nawaacha wapite katikati yake.

Basi, kesho ukipewa ukuta, usifungue kopo kwanza. Mtafute mtu atakayepita hapo kila siku. Nenda ukae anapokaa yeye, au usimame anaposimama. Fumba jicho moja, mwambie mwenzako atie alama ya chaki ukutani usawa wa jicho lako. Anzia kwenye alama hiyo.